Ndege kutoka Siberia wamefika Kivu, lakini hesabu yao inaandikwa ng'ambo ya mpaka

Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwisho wa Januari 2025. Lakini ndege wenye mabawa ya manyoya hawakungoja ufunguliwe. Kuanzia mwezi wa tisa, mbayuwayu waliozaliwa Ulaya wanapita juu ya ziwa Kivu, na vitwitwi, wale ndege wadogo wanaotikisa mkia, wanatua juu ya mawe ya mwambao. Kaskazini zaidi, kwenye ziwa Edward, ndege wa maji waliotoka mbali hadi Siberia wanakuja kutafuta chakula kwenye fuko za Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, dunia iliadhimisha siku ya ndege wahamaji. Siku hiyo inafika mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba, kwa sababu ndege hao wana safari mbili: moja ya kwenda, nyingine ya kurudi. Mwaka 2025 mada yake ilikuwa kuishi pamoja na ndege, yaani miji na vijiji vinavyowaachia nafasi. Katika nchi nyingi watu hutoka asubuhi na mapema wakiwa na darubini na daftari, wahesabu wanachokiona, kisha watume hesabu hiyo kwa watafiti.

Upande wa mashariki mwa Congo, wengi hawatoki. Sababu si ukosefu wa ndege wala ukosefu wa macho. Kutembea kando ya ziwa na darubini mkononi kunaweza kumgharimu mtu maisha yake. Hasara yake si ya wapenda ndege peke yao: inafika kwa mvuvi, kwa mkulima na kwa mama anayefuga kuku.

Njia iliyo juu ya vichwa vyetu

Ndege hawa hawakimbii baridi tu. Wanakimbia njaa. Baridi ikiingia Ulaya na Asia ya kaskazini, wadudu wanatoweka, maji yanaganda, na siku zinakuwa fupi mno kwa kutafuta chakula. Wakati huohuo mvua inaanza katika Kivu na Ituri, na kumbikumbi wanatoka ardhini. Watoto wanaokusanya kumbikumbi wakati huo wanajua kwamba hawako peke yao: mbayuwayu na mwewe wanagombania chakula hichohicho hewani.

Ramani inaeleza kwa nini wanapita hapa. Kutoka ziwa Albert hadi ziwa Edward, ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, bonde la ufa limekuwa kama barabara ndefu inayotoka kaskazini kwenda kusini, yenye maji, matete na milima pembeni. Ndege wakubwa kama korongo mweupe na tai hawapendi kupiga mabawa muda mrefu. Wanapanda juu ya hewa ya moto inayotoka ardhini, kisha wanateleza hadi mahali pengine penye hewa kama hiyo. Hewa hiyo haipatikani juu ya bahari, na ndiyo maana korongo wengi wa Ulaya ya mashariki wanazunguka kupitia Uturuki, Israeli na bonde la mto Nili kabla ya kuingia Afrika ya mashariki. Njia inayopita bahari ya Sham na bonde la ufa inatumiwa na ndege wakubwa zaidi ya milioni 1 na nusu.

Si wote wanaopita tu. Kuna wanaobaki Congo miezi mingi. Tangu 2011, watafiti wa shirika la BTO la Uingereza wamekuwa wakifunga vifaa vidogo vya setilaiti mgongoni mwa ndege ambaye wanafunzi wa Congo wanamjua kwa jina la Kifaransa, coucou. Vifaa hivyo vilionyesha kwamba ndege ambao Waingereza waliwahesabu kuwa wao wanakaa msimu wa baridi katika misitu ya bonde la Congo. Teleka, yule ndege mweusi anayefanana na mbayuwayu, naye hukaa juu ya anga la Congo. Watafiti wa chuo kikuu cha Lund, Sweden, walieleza mwaka 2016 kwamba baadhi ya ndege hao wanaweza kumaliza miezi 10 hewani bila kutua.

Kwa hiyo swali "ndege huyu ni wa nani?" halina jibu jepesi. Idadi ya coucou wa Uingereza imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu miaka ya 1980. Kwa kutafuta sababu, Waingereza wanapaswa kuangalia mashamba yao, jangwa la Sahara na pia msitu wa Congo. Bila habari kutoka huku, hesabu yao inabaki nusu.

Elimu iliyotoka, haikurudi

Kabla ya karne mbili zilizopita, wasomi wengi wa Ulaya walikuwa hawajui mbayuwayu wanaenda wapi wakati wa baridi. Kuna walioandika kwamba wanajificha chini ya maji, katika matope. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa urefu wa sentimita 80 umepenya shingoni mwake. Mkuki huo ulitambuliwa kuwa wa Afrika ya Kati. Korongo alikuwa amechomwa Afrika, akaruka na mkuki huo hadi Ulaya. Mwili wake bado umehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Mwindaji asiyejulikana jina, ambaye labda alirudi nyumbani siku hiyo bila nyama, aliipa Ulaya jibu ililolitafuta kwa miaka mingi.

Historia ya ndege wa Congo imejaa mambo ya aina hiyo. Mmarekani James Chapin alifika kaskazini-mashariki mwa Congo mwaka 1909 na akabaki huko hadi 1915. Huko Ituri aliona unyoya wa ajabu kwenye kofia ya mwenyeji. Alikaa na unyoya huo zaidi ya miaka 20, hadi mwaka 1936 alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, wakiwa wamewekewa jina lisilo lao. Ndivyo tausi wa Congo alivyoingia katika vitabu. Dunia ikasema amegunduliwa. Lakini aliyevaa ile kofia alikuwa anamjua tangu zamani.

Milimani Itombwe, katika Kivu ya Kusini, Alexandre Prigogine, aliyekuwa akifanya kazi katika migodi ya Kamituga, alikusanya ndege wengi, na bundi mmoja adimu sana wa milima hiyo, aliyepatikana mwaka 1951, anabeba jina lake. Wakusanyaji wenyeji waliojua ni bonde gani la kuingia na mlio gani wa kufuata hawajulikani na wasomaji wengi. Elimu ilitoka Kivu, ikaingia katika makabati ya Ulaya, na mjukuu wa mkusanyaji leo hana kitabu cha kumwambia babu yake aliona nini.

Ziwa moja, habari mbili

Tofauti inaonekana vizuri zaidi kwenye ziwa Edward. Ziwa hilo ni la nchi mbili: sehemu kubwa, karibu asilimia 70, iko Congo, na iliyobaki iko Uganda. Ndege hawana upande. Anayekula asubuhi katika mfereji wa Kazinga, Uganda, anaweza kulala jioni karibu na Vitshumbi au Kyavinyonge.

Upande wa Uganda kuna mbuga ya Queen Elizabeth, inayojulikana kwa aina zaidi ya 600 za ndege. Kuna mashua za watalii, kuna waongozaji waliosomea majina ya ndege, na kila mwaka nchi nzima inafanya siku ya kuhesabu. Hesabu hizo zinaingia katika mitambo ya intaneti kama eBird, ambayo chuo kikuu cha Cornell cha Marekani kilianzisha mwaka 2002, na mtafiti yeyote duniani anaweza kuzisoma.

Upande wa Congo kuna mbuga la Virunga, lililoanzishwa mwaka 1925 na lililotimiza miaka 100 mwezi wa nne mwaka 2025. UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na katika maelezo yake mafupi haikusahau kutaja ndege wanaotoka Siberia kupitisha huko msimu wa baridi. Aina zaidi ya 700 za ndege zimeandikwa Virunga, kuliko upande wa pili. Mwaka 1996 Congo iliandikisha mbuga hilo chini ya mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia nzima.

Lakini tangu 1994 Virunga iko pia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia yake. Vikundi vyenye silaha vinakaa ndani yake, uvuvi haramu unaendelea ziwani, na miti inakatwa kwa makala ya kupikia mijini. Watalii waliokuwa wakija walisimama mara nyingi: kwa utekaji wa 2018, kwa ugonjwa wa Covid mwaka 2020, na kwa vita. Mtu anayeangalia ramani ya ndege kwenye intaneti anaona upande wa Uganda umejaa alama, upande wa Congo una nafasi nyingi tupu. Asiyejua mambo atafikiri ndege wanaogopa kuvuka mpaka.

Darubini katika nchi ya vita

Nafasi hizo tupu hazitokani na uvivu. Waasi wa M23 waliingia Goma mwisho wa Januari na Bukavu katikati ya Februari mwaka 2025. Mwanzoni mwa 2025 watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamehama makwao ndani ya nchi. Barabara ya Rutshuru, nchi tambarare ya Ruzizi, vilima vya Masisi na mwambao wa ziwa Albert katika Ituri ni mahali ambapo mtu anapima kila safari kabla ya kuondoka.

Katika hali hiyo, vyombo vya mwangalizi wa ndege ndivyo vyombo vya mpelelezi: darubini, daftari, saa, simu inayoandika mahali alipo. Anaamka kabla ya jua, anasimama muda mrefu mahali pamoja, anaangalia ng'ambo ya mto na anaandika namba. Askari au mpiganaji yeyote atakayemkuta atauliza swali moja tu, na jibu la "ninahesabu vitwitwi" halitaaminiwa kirahisi.

Kwa hiyo wito wowote wa kutaka wakaaji watoke kuhesabu ndege hauwezi kunakiliwa kutoka Ulaya au Kampala. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi kwenye kinamasi bila kuwauliza wakubwa wa kijiji anawaweka hatarini. Hakuna ndege anayestahili bei hiyo.

Mwaka 2017 ulifundisha nini

Lakini kuacha kabisa kuangalia nako kuna bei yake. Mwanzoni mwa Januari 2017, watu wa kando ya ziwa Victoria, Uganda, waliona ndege wa maji wengi wamekufa. Wengi walikuwa buabua wenye mabawa meupe, ndege wadogo wanaozaliana Ulaya ya mashariki na Asia. Habari ikafika kwa wakuu, vipimo vikafanywa, na katikati ya mwezi huohuo serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mafua ya ndege, aina ya H5N8. Nchi jirani zikazuia kuku kutoka Uganda. Mwaka huohuo ugonjwa huo ukathibitishwa Congo pia, katika Ituri, kati ya kuku na bata wa vijiji vilivyo upande wa ziwa Albert.

Kengele ya kwanza ilipigwa na watu waliojua kwamba ndege wachache wakifa si ajabu, lakini wengi namna ile ni ajabu. Kujua hivyo kunahitaji kwanza kujua kawaida ikoje. Mahali ambapo hakuna anayeangalia, dalili ya kwanza ya ugonjwa inakuwa kuku waliokufa uani. Kwa familia nyingi za mashariki mwa Congo, kuku watano ndiyo akiba: ndiyo karo ya mtoto na dawa ya mgonjwa. Hatari inakuwa kubwa zaidi pale ndege mfu anapookotwa na kupikwa kwa sababu ya njaa. Ushauri wa waganga wa mifugo haubadiliki: ndege aliyekutwa amekufa bila sababu asishikwe kwa mikono mitupu wala asiliwe, na habari ipelekwe kwa anayehusika na mifugo au kwa kituo cha afya.

Mkulima naye ana lake. Katika mashamba ya mpunga ya nchi tambarare ya Ruzizi, watoto wanakesha kufukuza ndege wanaokula nafaka, na hasira ya mkulima ni ya haki. Lakini wahamaji wengi hawali mpunga. Korongo mweupe anakula panzi na viwavi, mbayuwayu anakula mbu na nzi, vitwitwi wanakula wadudu wa matopeni. Anayemwaga sumu kuua kila chenye mabawa anaua pia wafanyakazi wasiomdai mshahara, na sumu hiyo inaingia katika maji anayoteka mke wake.

Kisichohitaji ruhusa ya mtu

Kuna njia ya katikati, kati ya kujitoa mhanga na kufumba macho. Ndege wahamaji hawakai mbugani tu. Mbayuwayu anakaa kwenye waya wa umeme wa mtaa. Kitwitwi anatembea mahali wanawake wanapofua nguo. Mwewe anazunguka juu ya soko. Hesabu ya dakika 10 inayofanywa kila wiki, mahali palepale, saa ileile, ndani ya ua wa nyumba, wa shule au wa parokia, ina thamani kwa watafiti kuliko matembezi makubwa ya siku moja kwa mwaka. Haihitaji darubini wala simu. Inatosha kalamu na daftari la shule.

Kutambua baadhi yao si kazi ngumu. Mbayuwayu wa Ulaya ana koo la rangi ya kahawia nyekundu, chini yake mkanda mweusi usiokatika, kisha tumbo jeupe. Yule anayekaa Kivu mwaka mzima ana mkanda mwembamba uliokatika na tumbo la kijivu. Mwewe wa Afrika aliyekomaa ana mdomo wa njano, na anayetoka Ulaya na Asia ana mdomo mweusi. Korongo mweupe ana mwili mweupe, ncha nyeusi za mabawa, mdomo na miguu myekundu. Hayo matatu yanatosha kwa mwaka wa kwanza.

Sehemu ngumu iko kwa taasisi. Congo ina kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na mbuga la Kahuzi-Biega, kina kituo cha Uvira kinachochunguza maji ya ziwa Tanganyika, na kuna kituo cha viumbe-hai katika chuo kikuu cha Kisangani. Wataalamu wapo. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha, mafuta ya pikipiki, na mahali ambapo daftari la mwalimu wa Minova au la mvuvi wa Kalehe linaweza kupokelewa, kusahihishwa na kutunzwa. Kila Januari kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, iliyoanza mwaka 1967. Kujiunga nayo katika sehemu zenye utulivu, kama mwambao wa Kalemie au bonde la Lufira katika Katanga ya Juu, ambalo nalo limo katika orodha ya Ramsar, kusingengoja Kivu yote itulie. Hesabu za maeneo ya vita zingeweza kutunzwa bila kutangaza mahali wala jina la aliyeandika, hadi siku ya amani.

Congo imeweka sahihi. Ni mwanachama wa mkataba wa Bonn kuhusu wanyama wahamaji, na sheria ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu ulinzi wa viumbe inasema nchi italinda vilivyomo. Lakini mkataba hauhesabu ndege. Wanaohesabu ni watu, na watu hao wanahitaji kujua kwamba kazi yao itafika mahali.

Mfano wa kutia moyo uko mbali, huko Batumi, Georgia, kwenye mwambao wa bahari Nyeusi. Kila mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, vipanga na tai zaidi ya milioni 1 wanapita pale. Vijiji vya hapo vilikuwa na desturi ya kuwapiga risasi. Kuanzia 2008 hesabu ya kila mwaka ilianza, wageni wakaja, na wenyeji wakaanza kuwalaza majumbani kwao kwa malipo. Uwindaji haukwisha wote, lakini ndege aliye hai alipata bei. Wengi wa vipanga wanaopita Batumi ni wale wanaokula mabuu ya nyigu, na safari ya jamii hiyo inaishia katika misitu ya Afrika ya Kati, ukiwemo wa Congo. Kivu haina amani. Utalii hauwezi kuahidiwa kwa mtu anayelala chini ya hema. Lakini siku wageni watakaporudi, kijiji chenye daftari la miaka 5 kitakuwa na kitu cha kuwaonyesha.

Mwezi wa tatu, kabla ya mvua kubwa kwisha, ndege hawa wataanza kurudi. Watapita juu ya mistari ya vita kama walivyopita wakija, na huko Ulaya mtu ataandika siku, saa na idadi waliyofika. Katika daftari la Congo kuna mistari ya kutosha. Mtaani, juu ya waya wa umeme, wa kuandikwa tayari wamekaa.